Presha ya mimba, kisukari cha ujauzito, na moyo wangu miaka 20 baadaye

Mleta mada ameeleza kwamba ana umri wa miaka 47, hedhi yake imeanza kuruka miezi, kiuno chake kimefika sentimita 94, presha ni 136/88 na sukari kabla ya kula ni 6.1 mmol/L, na kwamba alipouliza aliambiwa ni mambo ya umri. Kisha akagusia, kwa nusu sentensi tu, kuwa mimba yake ya pili ilimalizika kwa presha kubwa na protini kwenye mkojo. Dada yangu, nusu sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nikae niandike, kwa kuwa mimi nilikaa nayo miaka 20 bila kujua kwamba inahusu moyo.

Nilikuwa na miaka 29 presha yangu ilipofika 160/110 katika wiki ya 35, mkojo ukiwa na protini, nikazalishwa haraka kabla hali haijageuka kifafa cha mimba. Baada ya wiki chache presha ilishuka, nikaambiwa nimepona, na kadi ya kliniki ikafungwa. Miaka minne baadaye nilipata kisukari cha ujauzito, nacho kikatoweka baada ya kujifungua, nikaambiwa tena nimepona. Nilipofika miaka 49 nikaanza kuchoka ngazini, pumzi ikinikatika, na maumivu mepesi yakinipanda kwenye taya kila nilipoharakisha na kuniacha nilipopumzika. Nilitibiwa vidonda vya tumbo, kisha wasiwasi, hadi daktari mmoja aliponiuliza mimba zangu zilikuwaje. Nilipomweleza aliagiza vipimo vya moyo siku hiyo hiyo, na mshipa mmoja ukakutwa umeziba kwa sehemu kubwa, nikawekewa kijibomba cha wavu wa chuma ili ubaki wazi.

Uhusiano wa mambo hayo umethibitishwa vizuri. Mwanamke aliyepata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo ana uwezekano wa takriban mara 2 wa kuugua mishipa ya moyo au kupata kiharusi baadaye, akilinganishwa na aliyejifungua bila tatizo hilo. Aliyepata kisukari cha ujauzito anakaribia mara 10 ya hatari ya kisukari cha kudumu, na hata asipopata kisukari hicho, hatari ya moyo wake hubaki juu kuliko ya wenzake. Mimba huulazimisha moyo kusukuma damu nyingi zaidi na kuifanya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ifanye kazi katika mazingira magumu, hivyo udhaifu ambao ungejitokeza uzeeni huonekana mapema; tena presha yenyewe huumiza utando wa ndani wa mishipa, na si kila mara utando huo hurudia hali yake ya awali. Chama cha Moyo cha Marekani kiliingiza historia ya mimba katika mwongozo wake wa kupima hatari ya moyo kwa wanawake mwaka 2011, lakini kwa uzoefu wangu swali hilo bado haliulizwi isipokuwa mgonjwa alitaje mwenyewe. Kwa hiyo litaje.

Sasa tuziangalie namba zako. Madaktari huhesabu vigezo vitano: kiuno, presha kuanzia 130/85, sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6 mmol/L, triglisaridi, ambayo ni aina ya mafuta ya damu, kuanzia 1.7 mmol/L, na kolesteroli nzuri, yaani HDL, iliyo chini ya 1.3 mmol/L kwa mwanamke. Kwa kiuno cha mwanamke, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linaanzia sentimita 80, na vigezo vya Marekani vinaanzia 88. Anayetimiza vitatu kati ya vitano ana kile kinachoitwa sindromu ya kimetaboliki, yaani mkusanyiko wa dalili zinazoongeza hatari ya moyo na kisukari, na wewe umekwisha kuvitimiza vitatu kabla hata mafuta ya damu hayajapimwa. Hakuna namba yako hata moja ambayo peke yake ingemshtua mtu, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kila mhudumu aliyekuona alitazama moja na kuiona ndogo.

Ni kweli kwamba umri unahusika, ila unahusika kwa njia inayoeleweka na inayoweza kushughulikiwa. Estrojeni husaidia mishipa kulegea na husaidia ini kuondoa kolesteroli mbaya, yaani LDL, kwenye damu. Inapopungua, LDL hupanda, na utafiti wa SWAN uliowafuatilia wanawake wa Marekani ulionyesha kwamba upandaji huo hujikusanya zaidi katika miezi inayozunguka hedhi ya mwisho. Wakati huohuo mafuta yaliyokuwa yakikaa kwenye nyonga huhamia tumboni, kuzunguka viungo vya ndani, ambako humwagika ndani ya ini na kuifanya insulini isisikilizwe na mwili. Mimi niliongezeka kilo nne tu, lakini kiuno kilipanda kutoka sentimita 78 hadi 91, na kwa kuwa mizani ndiyo iliyokuwa ikisomwa, hakuna aliyeliona badiliko hilo. Pima kiuno katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida.

Usiiache sukari ya 6.1 ikae bila kufuatiliwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliojumlisha zaidi ya watu 850,000, ulionyesha kwamba kisukari huongeza hatari ya moyo kwa mwanamke kwa asilimia 44 zaidi ya kinavyoiongeza kwa mwanamume. Pima pia tezi ya thairoidi, kwa sababu ikilegea hupandisha kolesteroli na huchosha mwili kwa namna inayofanana kabisa na dalili za kukoma hedhi. Na wasomaji wenye mabinti ambao hedhi zao hupitiliza miezi huku nywele zikiota kidevuni, wachunguzeni mapema: hali hiyo ya ovari, iitwayo PCOS, mara nyingi huambatana na insulini isiyofanya kazi ipasavyo, hata kwa msichana mwembamba.

Umeuliza kama vidonge vya homoni vitaulinda moyo wako. Kwa miaka mingi iliaminika hivyo, mpaka jaribio kubwa la Marekani la WHI, lililopima homoni kwa wanawake waliokoma hedhi, liliposimamisha mwaka 2002 kundi la estrojeni pamoja na projestini, lililokuwa na wanawake 16,608, kwa kuwa saratani ya matiti, kiharusi na mshtuko wa moyo vilizidi. Wengi wa wanawake wale walikuwa wamekoma hedhi miaka mingi nyuma, na leo homoni hutolewa kwa wenye mawimbi makali ya joto mwilini yanayoletwa na kukoma hedhi, walio chini ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, iwapo hawana kizuizi. Hiyo ni tiba ya dalili za kukoma hedhi, wala hazitolewi kama kinga ya moyo, na mimi mwenye kijibomba sikushauriwa kuzitumia.

Ninachokusihi ni urudi kwa daktari ukiwa na kadi ya mimba ya pili, na ikiwa imepotea, andika kwenye karatasi mwaka, wiki uliyojifungua na presha unayoikumbuka. Omba kipimo cha mafuta ya damu, sukari ya wastani wa miezi mitatu, thairoidi na figo, na upime presha nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki nzima kabla ya kwenda. Ukibanwa kifua, au ukikatwa pumzi, ukiumwa taya au mgongo, au ukipata kichefuchefu pamoja na jasho la ghafla, nenda hospitali wakati huohuo bila kusubiri tarehe ya kliniki. Majibu ya triglisaridi na HDL yakitoka, yaandike hapa pamoja na vizio vyake, kwa sababu maabara nyingine hutumia mg/dL na namba zinaonekana kubwa kuliko hizi nilizozitaja.