Dada, usikae! Kimbia mpaka ardhi ikuishie

Nani huyo aliyekwambia "ni kukaa tu kama kwenye kochi, rubani atafanya yote"? Nimesoma swali lako nikiwa juu ya paa la mteja, nikashuka ngazi ili nikujibu vizuri. Unasema unaenda Iten mwezi wa pili, mara yako ya kwanza kupaa kwa paraglaida ya watu wawili, lile bawa la kitambaa ambalo abiria hufungwa mbele ya rubani, na unauliza uvae viatu gani. Sawa. Lakini kwanza tumalizane na hilo la kochi, maana maneno hayo hayo ndiyo yaliyonivunja mguu.

Hutakaa, dada. Utakimbia. Utateremka ule mteremko mbio kwa nguvu zako zote, kifua mbele, na utazidi kukimbia hata ukishahisi umenyanyuliwa, mpaka miguu yako iwe inakanyaga hewa na rubani mwenyewe, kwa mdomo wake, akwambie "sasa kaa". Usipokumbuka lolote lingine nililoandika hapa, kumbuka hilo.

Mimi nilikwenda Januari, miaka mitatu iliyopita. Kuna dalali mmoja wa matembezi hapa Eldoret aliyekuwa akikusanya watu wa kupelekwa ukingoni kule Iten, usafiri na chakula ndani ya bei moja. Nilimuuliza waziwazi: kuna mafunzo yoyote kabla ya kupaa? Akanipiga bega: "Kaka, wewe ni abiria. Abiria hukaa." Nikamtumia pesa palepale.

Kazi yangu ni kupaua nyumba. Urefu haunitishi, nashinda juu ya kenchi tangu asubuhi. Kwa hiyo nilipofika pale kwenye nyasi nikaliona Bonde la Kerio limelala huko chini, zaidi ya mita elfu moja, na milima ya Tugen ng'ambo, moyo ulikuwa mweupe kabisa. Rubani alikuwa mgeni aliyekuja kwa msimu ule wa kiangazi. Akanivisha helmeti, akanifunga mikanda ya miguu na kifua, akaning'iniza mbele yake kwenye karabina, zile pete za chuma za kuunganishia mikanda, akasema kitu kama "tutakimbia kidogo" huku macho yake yako kwenye utepe wa upepo. Nusu dakika, basi. Mimi kichwani nina neno moja tu: abiria hukaa.

Bawa likapanda nyuma yetu kwa mlio wa turubai linaposhikwa na upepo. Nikahisi kuvutwa nyuma, kisha tukaanza kwenda. Hatua nne, tano. Halafu mikanda ikanikaza mapajani, nikawa mwepesi, kisigino kimoja kikaacha nyasi. Nikajua tumepaa. Nikakunja magoti, nikakaa.

Hapo ndipo penye mtego, na ndipo ninapotaka uelewe kabisa kinachotokea. Bawa la watu wawili halikuchukui ghafla kama lifti. Linaanza kwa kubeba robo ya uzito wenu, halafu nusu, na katika ile nusu mwili wako unakudanganya kwamba kazi imekwisha. Ili liwabebe nyote wawili linataka hewa ilipite kwa kama kilomita 25 kwa saa. Upepo unaopanda mteremko ukiwa 12, zile 13 zilizobaki zinatoka miguuni mwenu, na 13 ni mbio za kweli kwa watu wawili waliofungwa pamoja. Halafu Iten iko juu, karibu mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo bawa linadai kasi zaidi ya lile linalorushwa Pwani. Ukikaa katika ile nusu, unalitupia bawa uzito wako wote kabla halijawa tayari, mwendo unakufa, mnashuka tena chini. Na rubani yuko nyuma yako, mbio, hana pa kupita.

Nilitua kwa makalio, mguu wa kushoto umejikunja chini yangu. Buti la rubani likanigonga nyuma ya goti, akanilalia mgongoni. Bawa nalo halijui kama abiria ameanguka, linavuta tu. Likatuburuta kama mita saba hivi kuelekea ukingoni kabla rubani hajafanikiwa kuvuta kamba za breki na kulilaza chini. Nilisikia kifundo cha mguu. Ni mlio ninaoujua kazini: ubao mkavu ukipigwa msumari karibu mno na ncha. Udongo ulikuwa umenijaa mdomoni, na mbele yangu, karibu sana, kulikuwa na kichaka kidogo cha leleshwa, na baada ya kichaka hakuna kitu.

Chuma kimoja na skrubu sita. Shilingi laki mbili na themanini, na bima niliyokuwa nailipia kila mwezi ikaniambia michezo ya angani haimo. Miezi mitano sikupanda ngazi. Fundi wa paa asiyepanda ngazi anakula akiba, na akiba ikiisha anauza jenereta. Mke wangu ndiye aliyetulisha kwa duka lake la mboga, na hadi leo nikimwona anafunga sukuma wiki asubuhi namkumbuka dalali yule.

Kuhusu dalali: nilipompigia kutoka wodini, simu iliita mpaka ikakata. Jioni akanitumia ujumbe wa "pole sana kaka" na picha ya maua. Maua! Pesa hakurudisha hata ya nauli. Rubani angalau alikuja kitandani, viwiko vimechubuka, akakaa karibu saa nzima. Akaniambia alidhani aliyenileta alikuwa amenieleza yote. Dalali naye alidhani rubani ataeleza. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na mimi katikati nikabaki na "abiria hukaa". Sijamsamehe dalali. Huwezi kuuza kitu ambacho hujawahi kusimama ukakitazama kikifanyika hata mara moja.

Na wale wanaojiandaa kuniandikia kwamba ni uzito: nilikuwa kilo 78. Kilo 78 si ng'ombe. Mabawa hayo yamebeba watu wazito kuliko mimi, waliokimbia.

Nilirudi, ndiyo. Mwaka uliofuata, mwezi wa pili kama wewe, na rubani Mkenya wa palepale ambaye hakutaka hata kugusa bawa kabla ya kunifanyisha zoezi. Alinifunga mikanda, akashika mikanda ile kwa nyuma kwa mikono yake, akasema kimbia. Nikakimbia. Akanivuta nyuma kwa nguvu ili nihisi bawa linavyovuta, nikasita. "Tena." Mara ya pili akaninyanyua kidogo kwa makusudi, nami nikaanza kukunja magoti! Mwili ulikuwa haujasahau ujinga wake. "Tena, na safari hii endesha baiskeli hewani." Mara ya tatu nikaweza. Dakika kumi zote zilikuwa hizo. Katika mji ambao watoto wa shule wanakupita mbio barabarani na mabegi mgongoni, dakika kumi za kukimbia si kitu.

Tulipopaa kwa kweli sikujua ni hatua gani ilikuwa ya mwisho. Nilikuwa bado nazungusha miguu, nikaangalia chini nikaona mabati ya nyumba, moja limefumuka pembeni, kisha mbuzi, kisha vilele vya miti. Rubani akasema "sasa kaa", nikakaa, na mikanda ikageuka kiti. Jua la asubuhi linaupiga ukuta ule wa mwamba, hewa moto inapanda, unainuliwa polepole bila kelele yoyote zaidi ya upepo masikioni. Nililia kidogo. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo, utaona mwenyewe.

Viatu: buti zinazofunika kifundo, uzikaze kamba mpaka juu. Zangu za siku ile zilikuwa raba za chini.

Ukifika, kabla hujavaa chochote, mwambie rubani hivi: "Nataka tufanye zoezi la kukimbia, mara tatu, bila bawa." Akikubali, umempata mtu. Akisema upepo hausubiri, mwache aende na huo upepo wake, wewe rudi ukanywe chai. Na yeye akikuambia "simama" katikati ya mbio, simama papo hapo. Amri ni yake, ya kukimbia, ya kusimama na ya kukaa, wala si ya aliyekuuzia safari.

Unaenda tarehe ngapi? Andika hapa. Kutoka Eldoret hadi Iten kwa matatu ni karibu tu, nitakuja nisimame pale kwenye nyasi nikupigie kelele ya "kimbia" mpaka unisikie ukiwa hewani.