Kipanya cha Kompyuta Inayotumiwa na Wengi

SWALI: Ninasimamia chumba cha kompyuta katika maktaba inayotumiwa na wanafunzi, wastaafu na watu kadhaa ambao mikono yao hutetemeka. Kompyuta zetu ni za mezani, zenye Windows 11. Wengi hulalamika kwamba mshale hauonekani, na kwamba wakitaka kufungua faili, jina lake huanza kubadilishwa. Nichague mipangilio gani ya kuanzia ya kipanya bila kuwakera wenye mikono myepesi? – Msimamizi wa maktaba, Tanga

JIBU: Ndugu msimamizi, nianze na hilo la jina la faili, maana ndilo linalowavunja moyo wanaojifunza. Kwa kawaida Windows huhesabu kwamba mtu amebofya mara mbili pale tu mibofyo hiyo inapofuatana ndani ya milisekunde 500, yaani nusu sekunde. Mkono ukichelewa na mbofyo wa pili ukaangukia juu ya jina, kompyuta hudhani kwamba mtumiaji anataka kulibadilisha, na herufi yoyote atakayoigusa baada ya hapo hufuta jina la zamani. Katika mipangilio ya ziada ya kipanya, punguza kasi ya kubofya mara mbili hadi karibu na mwisho wake, ambao ni milisekunde 900. Mwenye mkono mwepesi hatapoteza kitu, kwa kuwa mibofyo yake bado itaingia ndani ya muda huo.

Mshale nao unaweza kukuzwa kuanzia kipimo cha 1 hadi cha 15. Mimi ningechagua 3 au 4, kwa sababu ukizidi hapo huanza kufunika maneno yale yale ambayo msomaji anayatafuta, na ningechagua ule unaogeuza rangi kulingana na kilicho chini yake, ili usipotee juu ya ukurasa mweupe. Kasi ya mshale iache katikati. Ukiipunguza mno, mwenye meza finyu atalazimika kuinua kipanya kila mara.

Usiwawashie watu wote kufuli la mbofyo, ambalo hushikilia kitufe hata baada ya kidole kuondoka: humsaidia asiyeweza kukibana kwa muda mrefu, lakini asiyelijua atashangaa faili ikimfuata mshale huku na huko. Kubadilishana vitufe kwa ajili ya wanaotumia mkono wa kushoto nako kufanywe kwa anayeomba. Hakikisha tu kwamba njia ya mkato ya kuendesha mshale kwa kibodi imeruhusiwa. Mtu akibonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, ataweza kuusogeza mshale kwa vitufe vya tarakimu vilivyo upande wa kulia, na kubofya kwa 5.

Mipangilio hii huhifadhiwa katika akaunti ya mtumiaji, kwa hiyo iweke ukiwa ndani ya akaunti wanayoitumia wasomaji wako, si katika yako ya usimamizi.