Kabla ya Kununua Kitabu cha Historia ya India, Geuza Ukurasa wa Jina

Juzi msomaji mmoja wa Tanga kaniandikia kwa uchungu. Amenunua mtandaoni historia ya India, juzuu mbili, jalada linang'aa na picha ya Taj Mahal mbele. Kafika sura ya tatu, haelewi kwa nini mwandishi anawadharau Wahindi karibu kila ukurasa, wala kwa nini anaambiwa atazame ramani ambayo haipo. Anauliza kama ni yeye asiyejua kusoma au kitabu kina kasoro.

Dada yangu, kusoma unajua. Ulichouziwa ni kitabu cha karne ya 19 kilichovikwa jalada la mwaka jana. Hasara hii inawapata watu wengi, tena wale wenye kiu ya kweli, na mara nyingi wakishaumia hawarudi tena kwenye somo lenyewe. Hilo ndilo linaloniuma.

Dawa yake iko nyuma ya ukurasa wa jina, kwenye zile herufi ndogo za hakimiliki ambazo wengi huziruka. Tafuta mwaka kitabu kilipotoka mara ya kwanza. Usiuchanganye na mwaka wa chapa. Chapa mpya ni maneno yale yale yamepigwa tena mashineni. Toleo jipya ni mwandishi amerudi mezani akabadili. Ukiona mstari wa tarakimu kama 10 9 8 7 6 5 4, ile ndogo kuliko zote ndiyo namba ya chapa, kwa hiyo hiyo ni chapa ya nne. Ukikuta mwaka mmoja tu wa karibuni, halafu sentensi inayoomba radhi kwa kurasa hafifu kwa sababu zimenakiliwa kutoka kitabu cha zamani, hapo umeshika kitabu cha babu. Ukinunua mtandaoni, mwombe muuzaji akupigie picha ukurasa huo kabla hujatuma hela. Asiyetaka kuupiga picha, achana naye.

Nakala hizi zina kasoro zinazojirudia. Ramani kubwa za kukunjua zilipitishwa kwenye skana zikiwa zimekunjwa, ndiyo maana unaona mgongo wa karatasi au kona ya bahari isiyo na jina. Kama mashine ilisoma herufi upya badala ya kupiga picha ukurasa, herufi zenye nukta na vistari ndizo za kwanza kuharibika: jina la mungu Śiva linakuwa "8iva", na tanbihi zinaingia katikati ya aya kana kwamba ni maneno ya mwandishi. Jedwali za kodi na mavuno huwa uji mtupu. Na unalipia kitu cha bure! Vitabu vingi vya umri huo viko Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni. Ile Imperial Gazetteer of India ya juzuu 26, inayoeleza nchi ile wilaya kwa wilaya, iko pia kwenye Digital South Asia Library ya Chuo Kikuu cha Chicago. Ina kazi yake: ukitaka kujua mji fulani wa Gujarat ulikuwaje mwanzoni mwa karne ya 20, fungua humo. Ukitaka kujua kwa nini, usifungue humo.

Mwaka una uzito kwa sababu historia ya India iliandikwa kwanza na watawala wake. James Mill alitoa historia yake mwaka 1817 bila kukanyaga India na bila kujua lugha yake hata moja, na katika dibaji akadai kwamba hilo lilimfaa zaidi. Akaigawa historia mafungu matatu: ya Wahindu, ya Waislamu, kisha ya Waingereza. Angalia vizuri. Mawili ya mwanzo ni dini, la tatu ni taifa. Kitabu hicho kikawa cha lazima kwa vijana waliosomeshwa Haileybury, Uingereza, ili wakaitumikie Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyoitawala India wakati huo. Ukifungua yaliyomo ya kitabu chochote ukaona mgawanyo ule ule, umeujua ukoo wake hata kama kimepigwa chapa jana.

Mwanzoni mwa kusoma, watu hukimbilia kitabu kimoja kinene cha kila kitu. Kwa miaka elfu tano na nchi kubwa vile, hakuna. Chagua viwili au vitatu vinavyopokezana, na uangalie vinapopokezana, maana hapo ndipo penye shimo. Mfano ninaourudia kila mara ni wa Romila Thapar, mwanahistoria wa India. Mwaka 1966 Penguin walitoa juzuu yake ya kwanza ya A History of India, inayofika kuja kwa Wamogoli, ule ukoo wa kifalme wa Mughal, mwaka 1526. Juzuu ya pili ni ya Percival Spear, inaanzia hapo hapo. Zilikatwa zikutane. Lakini mwaka 2002 Thapar aliiandika upya sehemu yake kwa jina la Early India, na mara hii akasimama karibu na mwaka 1300. Anayenunua Thapar mpya na Spear wa zamani, akidhani anafanya la busara, anaangusha zaidi ya miaka 200 katikati: karibu masultani wote wa Delhi wa karne ya 14 na 15, kuzaliwa kwa Vijayanagara, dola kubwa ya kusini, na falme za Bengal na Gujarat ambazo biashara zao zilifika mpaka pwani yetu.

Toleo la 2002 ndilo la kusoma, kwa sababu utafiti wa miaka 36 umo ndani yake. Basi lizibe shimo kwa Richard Eaton, India in the Persianate Age, la 2019, linalotoka mwaka 1000 hadi 1765. Vinaingiliana kwa miaka 300 hivi, na kuingiliana kuna faida: unawaona wanahistoria wawili wakipita njia moja kwa macho tofauti. Baada ya hapo Spear yule yule akuvushe 1765 hadi 1885, kisha Sumit Sarkar, Modern India, kwa 1885 hadi 1947, na Ramachandra Guha, India After Gandhi, kwa yaliyofuata uhuru. Kurasa 20 kwa siku zinatosha. Ukilazimisha 60, majina ya wafalme yatakuchanganya ukiache kitabu mezani.

Asiye na hela aanze na vitabu vya darasa la 12 vya NCERT, baraza la serikali ya India la vitabu vya shule, Themes in Indian History, sehemu tatu, vinavyopakuliwa bure. Viliandikwa na wanahistoria wa kweli, kila sura ina hati, picha ya mnara au sarafu, na maswali. Ila hapo pia angalia mwaka. Katika chapa za kuanzia 2023 sura ya mabaraza ya Wamogoli na maandishi yao ya kihistoria imeondolewa kwenye sehemu ya pili. Tafuta chapa iliyotangulia.

Kipimo kingine hakichukui hata dakika tano. Nenda kwenye faharasa nyuma ya kitabu, tafuta Chola, Vijayanagara, Kerala na Assam, uhesabu kurasa. Vitabu vingi vinavyojiita historia ya India ni historia ya bonde la mto Ganga, kaskazini. Wachola, wafalme wa kusini, walituma jeshi la majini hadi dola ya Srivijaya, huko Sumatra, mnamo 1025; kitabu cha kurasa 500 kinachowapa kurasa mbili kimekuficha nusu ya nchi. Kwa kusini bado anasomwa K. A. Nilakanta Sastri, A History of South India, la 1955, japo anaegemea zaidi wafalme kuliko wakulima. Na kwa msomaji wa huku kwetu, usikose A Social History of the Deccan la Eaton (2005): kuna sura nzima ya Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani, akafika Deccan, ule uwanda wa juu wa India ya kusini, akawa waziri na jemadari aliyewasumbua Wamogoli hadi alipofariki mwaka 1626. Watoto wetu wangemjua.

Vitabu vya jamii, hasa vya tabaka (caste kwa Kiingereza), vina mtego wao. Kwanza tenganisha maneno mawili: varna ni mafungu manne ya kwenye maandiko ya Kihindu, jati ni zile jamii halisi za kuoana na kula pamoja, nazo ni maelfu. Mwandishi anayeyachanganya katika kurasa kumi za mwanzo atakupoteza katika 300 zinazofuata. Pili, uliza hesabu zimetoka wapi. Sensa ya 1931 ndiyo ya mwisho iliyochapisha hesabu ya matabaka yote, kwa hiyo asilimia nyingi unazokutana nazo katika vitabu vya baadaye ni makadirio yanayorudi huko. Tatu, uliza mwandishi kasimama wapi. Louis Dumont mwaka 1966 alieleza tabaka kama mpango wa usafi na najisi, na ukimsoma unaona jengo zuri lililopangika, maana analitazama kutoka ghorofa ya juu. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii iliyohesabiwa najisi, aliandika Annihilation of Caste mwaka 1936 iwe hotuba ya mkutano wa Lahore. Waandalizi walipoyaona maneno yake wakaufuta mkutano; akaichapisha kwa hela yake. Ni kijitabu kifupi. Kisome kabla ya Dumont, si baada yake.

Na dibaji usiiruke kamwe. M. N. Srinivas, mtafiti wa jamii wa Kihindi, alikaa katika kijiji kimoja karibu na Mysore mwaka 1948, akaandika na kuchambua kila alichokiona. Aprili 1970 akiwa Stanford, Marekani, ofisi ikachomwa moto, na nakala zote tatu za uchambuzi wake zikaungua. Akaandika kijiji chote kwa kumbukumbu, ndiyo maana kitabu kikaitwa The Remembered Village, cha 1976. Asiyesoma dibaji atalalamika kwamba takwimu ni chache na hatajua kwamba alichoshika kimeokolewa kwenye majivu.

Sasa hesabu. Hapa Mswahili ana bahati ambayo Mzungu hana, maana laki ni laki. Vitabu vilivyochapwa India huweka mkato kwa laki: 1,00,000 ni laki moja, 12,50,000 ni laki kumi na mbili na nusu, na 1,00,00,000 ni krori, yaani milioni kumi. Usidhani ni makosa ya chapa ukasogeza mkato. Tola ni ile ile ya masonara wetu, gramu 11.66. Kipimo cha uzito cha maund ndicho cha kuogopa: cha Waingereza kilikuwa kilo 37 na kidogo, cha enzi ya Akbar, mfalme wa Wamogoli wa karne ya 16, karibu kilo 25. Anayelinganisha bei za nafaka za karne ya 16 na za 19 bila kuligeuza hilo kwanza amekosea kwa theluthi nzima.

Tarehe ni vivyo hivyo. Mwaka wa Saka, kalenda mojawapo ya India, unaongezewa 78 kupata mwaka wetu, au 79 kwa miezi ya Januari hadi Machi. Mwaka wa Vikram, kalenda nyingine ya huko, unapunguzwa 57 au 56. Wagujarati huanza mwaka baada ya Diwali, siku wafanyabiashara wanapofungua daftari jipya, kwa hiyo daftari la Vikram 1942 limeanza mwishoni mwa 1885 na sehemu yake kubwa iko 1886. Hii ni muhimu kwa yeyote anayefuatilia maduka ya Kigujarati ya Zanzibar au Mombasa. Majina ya miji nayo yatafute yote kwenye faharasa: Bharuch ni Broach, Khambhat ni Cambay, Vadodara ni Baroda, na Kutch inaandikwa pia Cutch na Kachchh. Kitabu cha kabla ya 1995 hakitakuwa na Mumbai, tafuta Bombay.

Kuhusu bei: wachapishaji wakubwa wana matoleo ya Asia Kusini, yamepigwa muhuri kuwa ni ya kuuzwa India na majirani zake tu. Karatasi ni nyembamba, bei ni ndogo sana, na maneno kwa kawaida ni yale yale, lakini si kila mara unakipata kitabu. The Hindus cha Wendy Doniger kiliondolewa sokoni India mwaka 2014 baada ya kesi, kikarudi mwaka uliofuata kwa mchapishaji mwingine. Ukiwa na ndugu aliyekwenda huko kwa matibabu au masomo, mwelekeze Nai Sarak mjini Delhi, College Street mjini Kolkata, au soko la vitabu la Jumapili la Daryaganj, Delhi hiyo hiyo, ambalo tangu 2019 liko Mahila Haat. Mwambie afungue katikati ya kitabu. Cha wizi kina pambizo zilizopinda, picha zimekuwa giza, na gundi inalia ukikikunjua. Na amkumbushe muuzaji kwamba anataka toleo jipya, si chapa mpya.

Nawe dada wa Tanga, hizo juzuu usizitupe. Andika kwa penseli kwenye ukurasa wa jina mwaka halisi kilipotoka, ili atakayekirithi asidanganyike. Ramani ichukue kutoka Imperial Gazetteer, ichape kwenye karatasi ya A3, ikunje mara mbili, uibandike ukingo mmoja tu ndani ya jalada la nyuma. Tumia gundi ya unga wa ngano. Selotepu hugeuka njano, na ikibanduka inaondoka na karatasi.