Drami iliyoshika: kabla ya nyundo, jua nani kaishikilia

Msimu wa korosho ukikaribia, magari yaliyolala nyuma ya nyumba tangu mvua za Machi huanza kuletwa gereji yakiburuzwa. Corolla za AE100 na AE110, Hilux za zamani, Kirikuu za mizigo. Tairi za nyuma hazizunguki. Kila mwaka tunaona jambo lile lile: kijana anafungua tairi, anaikuta drami ya breki, lile bakuli la chuma linalozunguka pamoja na tairi, ikiwa nyekundu kwa kutu, anaomba nyundo. Wadogo zetu, tunawapenda, na wengi wenu mna mikono mizuri. Lakini hiyo nyundo iwekeni chini kwanza.

Drami ya chuma cha kumimina inaweza kushikwa na vitu vitano: kutu ya katikati inapokaa kwenye habu (kitovu kinachobeba drami na tairi), lainingi (tabaka la kusugua lililo juu ya brekishuu, vile vyuma viwili vilivyopinda vinavyobana drami kwa ndani) iliyogandana na uso wa ndani wa drami, ukingo uliobaki baada ya drami kulika, kebo ya hendibreki iliyojamu, au mafuta ya breki yaliyonaswa yakiwa na presha. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja huharibu kingine. Huku kwetu, kuanzia Shangani hadi Mikindani na pwani yote ya Lindi, hewa ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata siku ya jua. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, ndiyo maana tundu la drami lililokuwa likiingia kwenye habu kwa mkono sasa limebana kama limechomelewa.

1. Gari kwanza. Corolla weka gia, Hilux na Kirikuu toa gia kwa kuwa injini yake huzungusha tairi za nyuma, zuia tairi za mbele kwa mawe mbele na nyuma, pandisha kwenye stendi. Hendibreki utaishusha, kwa hiyo hayo mawe ndiyo breki yako. Na vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa, kwani lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute.

2. Watenge washukiwa. Visha mpira kwenye nipo, yaani skrubu ya kutolea hewa, ya wili silinda (silinda ndogo inayosukuma brekishuu), uingize kwenye chupa, fungua kwa spana ya 8. Mafuta yakiruka kwa nguvu na tairi ikalegea, shida haiko kwenye drami kabisa. Tazama mpira wa breki uliovimba kwa ndani, au masta silinda, ile inayosukumwa na pedeli, isiyorudisha mafuta. Yakichuruzika tu, funga nipo, ingia ndani ya gari, legeza nati ya kebo kwenye mkono wa hendibreki. Tairi ikizunguka hapo, umepata mtu wako: kebo. Ivute kwa mkono kule nyuma uiachie. Isiporudi yenyewe, badilisha. Mafuta utakayoitia yatakupa wiki mbili, kisha mteja atarudi na maneno.

Ikiwa bado, vua tairi, weka mtaimbo katikati ya stadi mbili, yaani bolti zinazoshika tairi, jaribu kuizungusha drami. Hapa ndipo vijana wengi hupotea, maana drami isiyozunguka na drami isiyotoka ni magonjwa mawili. Isiyozunguka kabisa imegandana na lainingi. Inayozunguka kwa kukwaruza lakini haivuliki inazuiwa na habu, au na ukingo uliokumbatia brekishuu. Msiyatibu kwa dawa moja!

3. Isiyozunguka. Hapa nyundo inaruhusiwa, ya kilo moja, nayo igonge uso wa mbele katikati ya stadi na ubavu mnene, kidogo kidogo ukizunguka duara lote. Sauti itakwambia. Drami iliyogandana inalia kifupi, kama kopo lililojaa mchanga. Ikiachia, inalia kwa kurefuka. Usipige mdomo mwembamba ulio karibu na bati la nyuma, lile linaloziba drami kwa nyuma, maana chuma cha kumimina hakipindi, kinapasuka. Na tafadhali, mambo ya kuingiza gia na kuondoka kwa fujo ili breki ziachie yenyewe, acheni. Lainingi iliyogandana ina mshikano wake na kutu, ina mshikano wake na chuma cha shuu. Ukivuta kwa fujo, unaoachia ni ule dhaifu zaidi, na mara nyingi ni wa shuu. Tairi itazunguka, mteja atafurahi, na kipande cha lainingi kitabaki huru ndani kikingoja kukaba tairi barabarani.

4. Inayozunguka lakini haitoki. Drami za Toyota zina matundu mawili yenye uzi. Hayo si pambo. Yanaingia bolti za M8 zenye uzi wa 1.25, zile mnazoziita bolti za 12. Safisha uzi kwanza, tia grisi, kaza zote mbili kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule. Zikiwa zimevuta sawasawa, gonga uso kati ya stadi, kisha kaza tena. Ukikaza moja peke yake, drami inakwenda upande na kujifunga zaidi.

Ikijitenga na habu milimita chache kisha ikagoma kama inavutwa na springi, simama hapo hapo. Huo ni ukingo. Toa kizibo cha raba kwenye bati la nyuma, chungulia kwa tochi, utaona kigurudumu chenye meno cha ajasta, kifaa kinachosogeza shuu karibu na drami. Bisibisi nyembamba isukume ulimi wa ajasta utoke kwenye meno, bisibisi ya pili izungushe. Ikizunguka kirahisi na kutoa mlio wa tik-tik bila kusukuma ulimi, unakaza, kwa sababu ulimi huruhusu upande huo mmoja tu. Rudi upande wa pili. Ajasta ikiwa imeoza haisogei, nenda nyuma ya bati, kata vichwa vya pini mbili zinazoshikilia brekishuu, utoe drami pamoja na shuu zake. Pini ni vitu vya bei ndogo. Drami si ya bei ndogo.

5. Sasa dizeli. Hili ndilo linalotuuma, na tuliseme wazi: kosa ni letu sisi wakubwa. Sisi ndio tuliowaonyesha kupiga bomba la dizeli, oili chafu au WD-40 kwenye lile tundu la ajasta, tukisema "iache ilale, kesho itatoka yenyewe." Kesho yake inatoka kweli. Ndiyo maana kosa hili halifi.

Tazameni kinachotokea ndani. Lainingi ina vitundu vidogo kama matofali, inafyonza. Dizeli ikishaingia haitoki kwa petroli, wala kwa msasa, wala kwa kuichoma moto. Ukisugua uso ukawa mkavu, joto la safari ya kwanza linayapandisha mafuta tena kutoka chini. Breki ya upande huo inateleza, au inadaka ghafla, huku ya upande wa pili ikifanya kazi kama kawaida. Gari likiwa tupu mjini Mtwara hutaona lolote. Lipakieni magunia ya korosho, lishuke ule mteremko wa Newala kwenda Masasi, dereva akanyage kwenye kona: mkia unakwenda upande. Na raba za wili silinda ni jambo la pili, pengine baya zaidi. Zimetengenezwa zikae na mafuta ya breki peke yake. Mafuta ya aina yoyote yatokanayo na petroliamu, iwe dizeli, oili au grisi ya kawaida, huzivimbisha na kuzilainisha. Siku ya kwanza hakuna dalili. Baada ya siku kadhaa raba imenenepa ndani ya silinda, pistoni hairudi, breki zinashika upya, na mteja anaambiwa ni kutu ya bahari. Tumeisingizia bahari mara nyingi sana, na silinda tuliziua wenyewe.

Kwa hiyo dawa ya kutu inakwenda nje tu, kwenye duara la katikati ya habu na kwenye stadi, matone machache, usubiri nusu saa, ufute. Tundu la ajasta ni la bisibisi. Gari lililokwisha kunyeshewa dizeli ndani, badilisheni shuu za pande zote mbili na wili silinda zote mbili, drami zioshwe kwa sabuni. Mteja akikataa gharama, mwelezeni taratibu, na mkimkabidhi gari hivyo hivyo basi ajue analiendesha likiwa na nini.

6. Ikishafunguka. Fungua upande mmoja tu kwa wakati, upande wa pili ubaki kuwa picha yako ya springi. Ajasta za kushoto na kulia hazibadilishani, uzi wake umekatwa kinyume. Ukizihamisha, kila zikijirekebisha zitakuwa zinalegea. Kwenye bati la nyuma kuna vituo ambapo shuu huteleza, kwa kawaida vitatu kila upande. Visugue kwa msasa, viguse kwa grisi ya joto kali, kiasi cha kubaki unyevunyevu tu. Kituo kilicholika shimo hunasa shuu, na gari litarudi.

Ukingo wa drami uchongwe, lakini soma kipimo kilichoandikwa kwenye drami yenyewe: ya milimita 200 mwisho wake ni 201. Zaidi ya hapo ni chuma chakavu. Lainingi chini ya milimita 1 haifungwi tena.

Mafuta ya breki yabadilishwe yote, kwa sababu hunywa unyevu. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishakunywa maji, kiwango kinashuka hadi kama 140. Toa hewa ukianza tairi yenye bomba refu, ambayo kwa magari yetu ya usukani wa kulia huwa nyuma kushoto. Rekebisha ajasta hadi drami ikwaruze kidogo, kanyaga pedeli mara kadhaa, kisha hendibreki ishike kati ya meno 4 na 7 kwa Corolla. Mwambie mwenye gari akiliacha muda mrefu aliache kwenye gia na mawe, hendibreki ikiwa chini. Na akitoka ufukweni Msimbati, alioshe kwa maji yasiyo na chumvi, aliendeshe akikanyaga breki taratibu mpaka zikauke.

Halafu mwende barabarani kilomita nne au tano, mrudi, mdondoshe tone la maji kwenye kila drami. La kushoto likikauka polepole na la kulia likichemka, fungueni ya kulia tena kabla mwenye gari hajafika.