Fungeni Koki Hata Ikiwa Kavu: Kwa Wanafunzi Wapya wa Bengaluru

Wiki iliyopita nilikwenda kumjulia hali mdogo wetu mmoja aliyefika Bengaluru, kusini mwa India, hivi karibuni kutoka Dodoma, nikamkuta amefungua bomba la maji ya moto na kusimama kando yake akiperuzi simu, huku ndoo nzima ya maji baridi ikiishia kwenye tundu la sakafu. Sikumgombeza sana, kwa kuwa nina dhambi kubwa kuliko yake, lakini nimeona niwaandikie kabla hamjaanza kuhamishwa nyumba moja hadi nyingine.

1. Kingeni ndoo wakati hita inapasha. Maji hayo ni ya chooni na ya kudekia, sawa na yale yanayomwagwa na mashine ya kuchujia maji ya kunywa.

2. Jueni maji yenu yanatoka wapi. Ya mto Kaveri husukumwa kwa takriban kilomita 100 na kupandishwa hadi mji ulio zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana mitaa mingi haiyapati kila siku. Ya visima virefu hayatoi povu la sabuni kwa urahisi, na mwaka 2024 visima vingi vilikauka, hata ikatangazwa faini ya rupia 5,000 kwa atakayeosha gari kwa maji ya kunywa. Hapo hubaki boza, yaani lori la maji, na analilipia mwenye nyumba.

3. Fungeni koki hata kama haitoi kitu. Hapa mnivumilie kidogo. Ilikuwa usiku wa tarehe 8 Aprili 2024, mwishoni mwa Ramadhani, na kesho yake wenyeji walikuwa na Ugadi, mwaka mpya wao, ambao huanza kwa kujipaka mafuta na kuoga alfajiri. Nilifungua koki ya bafuni nitawadhe kwa ajili ya tarawehe. Ikakoroma mara mbili, ikanyamaza. Nikatawadha kwa kopo la akiba nikaenda msikitini, koki nikaiacha wazi, kwani machoni pangu bomba kavu na bomba lililofungwa vilikuwa kitu kimoja. Nikiwa katikati ya rakaa, mwenye nyumba aliwasha mota akapandisha kwenye simtanki la paani maji yote yaliyosalia katika sampu, yaani tangi la chini ya ardhi, lita 2,000 za boza alilolisubiri siku tatu, kisha akalala.

Niliporudi nilikuta bomba linatoa uzi mwembamba wa maji, halafu likakata. Tundu la sakafu lilikuwa safi, kwa hiyo hapakufurika hata tone. Laiti pangefurika, mtu angeamka. Nikafunga koki, na hapo nikafanya jambo linalonitia haya kuliko lile la kwanza: nilinyamaza. Nikalala, nikaamka kula daku, bado nimenyamaza.

Alfajiri nilisikia hatua za mke wa mwenye nyumba, ambaye sote tunamwita anti, zikipanda ngazi kwenda kutazama simtanki. Nilipofungua mlango alikuwa anashuka, ndoo tupu mkononi, mafuta yakimchuruzika kutoka kwenye nywele zake nyeupe hadi shingoni, naye haelewi kilichotokea. Nikakiri palepale. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Aliniuliza kama mimi mwenyewe nilikuwa na maji ya kunywa. Nilimpa dumu langu la lita 20 nililolinunua juzi yake, akaoga sikukuu yake kwa maji ya dukani, na boza lililofuata nikalilipia mimi kwa fedha ya nauli ya mwezi mzima.

4. Kopo moja linatosha kutawadhia. Mtume alitawadha kwa kibaba na kuoga kwa pishi, nanyi mnafungua bomba mpaka kiwiko cha pili kikauke. Wasiotawadha nao wajipime kwa kipimo hicho wanapopiga mswaki.

5. Boza likija usiku, shukeni mkamsaidie mwenye nyumba kushika mpira, hata kama kesho kuna mtihani. Hivyo ndivyo nilivyorudia kuitwa mwanangu, ingawa hadi leo nikitoka jioni anti huniuliza neno moja tu la Kikannada, “nalli?”, yaani bomba, nami hurudi ndani kulishika kwa mkono.