Wikiendi ya Wawili Dodoma, na Kwa Nini Jumamosi Iwe ya Msalato

Wanandoa wengi wa Dar es Salaam wakisikia Dodoma hufikiria semina, kikao cha wizara au mtoto anayesoma UDOM, na wakitaka kupumzika wawili huelekea Bagamoyo au huvuka kwenda Zanzibar. Mimi na mume wangu tumekuwa tukienda Dodoma kupumzika tangu treni ya SGR ilipoanza kufika huko mwaka 2024, na ushauri wangu kwa wenye nia ya kujaribu ni huu: msiende kuhesabu vivutio, bali Jumamosi ya mnada wa Msalato, soko la mifugo na nyama choma, iwe ndiyo kiini cha safari, na mengine yote yapangwe kuizunguka.

Kabla ya kukata tiketi, angalieni ratiba ya Bunge. Mkutano wa Bajeti, ambao kwa kawaida huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, hujaza nyumba za kulala wageni kwa wabunge, maofisa wa wizara na madereva wao, na chumba cha kawaida huanza kuuzwa kana kwamba kina bahari dirishani. Julai ni mwezi mzuri zaidi, kwa kuwa mvua zimeshakatika na mji umepumua, ila mkumbuke kubeba sweta, maana Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na baridi yake ya jioni humshangaza mtu wa Pwani. Tiketi za treni za Ijumaa jioni nazo huisha mapema. Zikateni siku kadhaa kabla, na msisahau vitambulisho.

Jambo la fedha lizungumzwe mkiwa bado nyumbani. Sisi huweka fedha yote ya safari katika simu moja na kukubaliana kiwango ambacho hatutakivuka, kwa sababu hakuna kinachoharibu chakula cha jioni kama mtu kumnong'oneza mwenzake “wewe una shilingi ngapi?” huku mhudumu amesimama na bili mkononi.

Ijumaa mkifika msijitwishe mambo mengi. Nendeni Nyerere Square, bustani iliyo katikati ya mji yenye sanamu ya Mwalimu, mkae mpaka giza liingie, kisha mle karibu na mnapolala. Asubuhi ya Jumamosi, wenye miguu mizima wanaweza kupanda mlima wenye miamba unaojulikana kwa jina la Lion Rock kabla jua halijawa kali; kutoka juu mtauona mji ulivyotawanyika katika tambarare, jambo ambalo mtu hawezi kulielewa akiwa ndani ya bajaji. Nendeni na mwenyeji anayeijua njia, na msiende wawili peke yenu jioni.

Msalato iko kaskazini mwa mji, kando ya barabara ya kwenda Arusha, na daladala au bajaji itawafikisha. Vaeni viatu vya kufunika vidole, kwa sababu vumbi la mnadani halina adabu. Upande mmoja kuna mifugo na wenye fimbo zao, wakibishana bei kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kigogo. Upande mwingine kuna mitumba, ndoo, majembe na viungo. Na katikati ya yote kuna moshi wa nyama ya mbuzi, ambao ndio uliowaleta watu wengi kutoka mjini. Hapa kuna utaratibu wa kuufuata. Chagueni nyama ikiwa mbichi, mwone ikipimwa, mkubaliane bei yake pamoja na ya ndizi za kuchoma na kachumbari, ndipo iende motoni. Mkiwa wawili, ubavu unatosha. Paja ni la kundi la watu sita. Kisha subirini. Kusubiri huko, kwenye benchi lisilo na mgongo, mkiwa hamna la kufanya ila kutazama watu, ndiko ninakokupenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari, kwa sababu mume wangu, ambaye nyumbani hujibu maswali yangu huku macho yake yakiwa kwenye taarifa ya habari, Msalato huzungumza mpaka nyama inapoa.

Kuna watakaowashauri mwende pia Kondoa kuona michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Michoro hiyo inastahili safari yake yenyewe. Kolo iko mbali kupita mji wa Kondoa, na mkiichomeka katika wikiendi hii mtaishia kuona lami zaidi ya michoro. Iacheni kwa likizo ndefu.

Jumapili iwe ya ibada kwa wanaosali, halafu mvinyo kwa wanaokunywa. Dodoma ndiyo nyumbani kwa zabibu za Tanzania, na mvinyo wake huuzwa hata katika maduka ya kawaida. Mwulizeni muuzaji kama ni mkavu au mtamu kabla ya kulipa, maana ule mtamu ni mtamu kwelikweli. Zabibu zenyewe huvunwa mara mbili kwa mwaka, kuelekea Machi na tena kuanzia Agosti. Mnaponunua barabarani, tazameni kikonyo cha shada: kikiwa kibichi zimekatwa karibuni, na kikiwa kimekauka na kugeuka kahawia zimeshalala. Ombeni boksi badala ya mfuko wa kubebea, kwa sababu kwenye mfuko zile za chini hufika Dar zikiwa juisi, na ndani ya treni mlipakate boksi hilo kwa zamu.