Kwa unayeuliza kama ununue projekta ya BTP

Mdogo wangu, umeuliza kama utoe hela ya bumu, ule mkopo wa kujikimu chuoni, ununue projekta ndogo, maana unaenda BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) kufundisha Kiswahili na unataka kufundisha "kisasa". Jibu fupi: acha. Hilo bumu likulipie chumba na likulishe. Jibu refu ndilo hili.

Mimi nilikuwa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nikapangiwa sekondari moja ya kata huko Bahi, mkoani Dodoma. Nilishuka na laptop, spika ya kuchaji na video nilizopakua kwa bando la usiku. Chuoni tulikuwa tumeimbishwa TEHAMA mpaka nikawa namwona mwalimu wa chaki kama mtu wa zama za mawe. Wiki ya kwanza umeme ukakatika mara mbili katikati ya kipindi. Siku umeme ulipokuwepo, watoto sabini na kitu walikuwa wanagombea kioo cha inchi 15, wa nyuma wamepanda juu ya madawati. Mwalimu wa zamu akaja kuuliza kuna nini.

Kilichonizindua ni simu. Tulikuwa tunasubiri mkaguzi kutoka chuo, basi nikaiwasha irekodi kipindi, nikaitia mfukoni, ili jioni nijisikilize. Dakika 40 nzima ni mimi. Darasa lilisema "ndiyooo", "hapanaaa" na "tumeelewa mwalimu". Hilo ni somo la lugha! Na kwenye andalio la somo nilikuwa nimeandika "majadiliano ya vikundi", tena kwa mwandiko mzuri.

Mada iliyofuata ilikuwa uhifadhi wa fasihi simulizi. Unazijua zile njia za kitabuni: kichwani, maandishi, kinasa sauti, kompyuta. Watoto wanazikariri kwa ajili ya mtihani, basi. Nikaona tuzifanye. Simu shuleni haziruhusiwi, kwa hiyo nikawaambia mwenye mzazi au kaka mwenye simu amrekodi mkubwa wa nyumbani akitega vitendawili, kwa ridhaa yake, kisha atume. (Vitumwe kwa mwalimu mlezi, si kwenye namba yako. Wewe ni kijana, na ujumbe wa binti wa Kidato cha Pili saa nne usiku hauna maelezo hata kama ni kitendawili.)

Zilikuja sauti kumi na moja. Kuna moja siisahau. Upepo unavuma, mbuzi analia karibu na simu, bibi anatega kwa Kiswahili kilichochanganyika na Chigogo. Mjukuu kashindwa, anatoa mji: "Nakupa Dar es Salaam." Bibi: "Sitaki, huko joto. Nipe Dodoma." Darasa lilianguka kwa kicheko. Kisha wakaanza kubishana wenyewe namna ya kuliweka jibu la bibi kwa Kiswahili sanifu, mmoja akasema neno hilo kwao Kondoa linaitwa vingine kabisa, na mimi nikakaa dirishani nimefunga mdomo. Kitabu kilikuwa na "kuku wangu katagia miibani", jibu nanasi. Ukiuliza wangapi wamewahi kuona shamba la mananasi, mikono haifiki mitano. Vya bibi walivielewa bila picha.

Faida nyingine sikuitarajia. Kijana mmoja aliisikia sauti yake kwenye spika akitamka "kula" alipokusudia "kura". Nilikuwa nimemsahihisha wiki nzima bila mafanikio. Safari hii aliomba kurudia mwenyewe, mara nne, darasa likimngoja.

Kwa hiyo simu uliyonayo na spika ya bei rahisi vinatosha. Chaji kila penye umeme. Video za mtandaoni weka moja au mbili za dharura, usizitegemee.

Ila nunua memori kadi, na hapa najisema mwenyewe. Mwalimu mlezi alizifuta zile sauti baada ya simu yake kujaa, mimi yangu ikadumbukia kwenye ndoo ya maji wiki ya mwisho. Mwalimu wa uhifadhi wa fasihi simulizi huyo. Vimesalia vitendawili viwili tu vya yule bibi, kwa sababu mjukuu wake alikuwa amevinakili nyuma ya daftari la Hesabu.